Ya Mbali Hufika: Mawaidha kwa Waislamu wa Singida

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba mashariki na magharibi, akaitandaza ardhi ikawa na njia za kupita waja wake, akazitiisha bahari zikawachukua watu na mizigo yao. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyepelekwa kwa watu wote, si kwa Waarabu peke yao wala kwa kabila moja. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Waraka huu umetungwa kwa ajili ya Waislamu wa mkoa wa Singida, wa mjini na wa mashamba, wa Iramba na Mkalama, wa Ikungi na Manyoni na Itigi. Na mwengine yeyote atakayeusoma akapata faida, faida hiyo na iwe yake. Sababu ya kutungwa kwake ni neno moja linalosikiwa sana barazani, na hata msikitini baada ya sala. Likitajwa jambo la nchi ya mbali, kama vita, au maradhi, au bei ya kitu katika masoko ya watu, husema msemaji: "Ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Sisi hapa tuna mvua yetu na mifugo yetu." Neno hili mdomoni ni jepesi, lakini limekwisha kula mali za watu wengi, na limewaacha wengi wakifikiwa na balaa wamelala.

Muradi wa waraka ni kubainisha mambo matatu. La kwanza, kuwa ya mbali hufika, mtu akitaka asitake. La pili, kuwa kuyajua kwa uhakika ni katika mwenendo wa Mtume. La tatu, kuwa yanayotendwa Singida nayo hufika mbali, na mtendaji ataulizwa.

FASLU YA KWANZA
Katika kisa cha sotoka

Kwa Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa zamani, ng'ombe hakuwa nyama na maziwa tu. Ng'ombe ndiye aliyekuwa mahari, ndiye fidia, ndiye akiba ya mwaka wa njaa. Na samadi yake ndiyo iliyolisha shamba la uwele na mtama. Basi mwenye zizi lililojaa alijiona yu salama. Haja gani aliyokuwa nayo ya kujua kinachoshushwa katika bandari asiyoijua hata jina?

Katika mwaka 1887 walishushwa ng'ombe katika bandari ya Massawa, pwani ya Eritrea, ukingoni mwa Bahari ya Sham. Wanahistoria wengi husema kuwa ng'ombe wale walitoka Bara Hindi, wameletwa kwa ajili ya jeshi la Wataliani. Pamoja nao yaliingia maradhi ya sotoka. Maradhi yakapanda Uhabeshi, ng'ombe wa kulimia wakafa, na watu wakaingia katika njaa kubwa tangu mwaka 1888 hata mwaka 1892. Khalafu yakateremka kusini, kutoka zizi hata zizi, yakafika Umasaini na nchi za kati za Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1890; na katika mwaka 1896 yakawa yamekwisha kuvuka mto Zambezi. Kwa Wamasai, makadirio yanayotajwa sana ni kuwa katika kila ng'ombe kumi walikufa wanane au tisa. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria aliyepita Umasaini katika mwaka 1892, aliandika juu ya watu waliokondeshwa na njaa hata wakawa hawawezi kusimama. Nyati wa mwituni nao wakafa. Mahali palipokuwa malisho pakaota vichaka, na ndorobo wakaingia.

Mfugaji wa bara hakuwa na kosa lolote kwa ng'ombe wa Massawa. Hakuwanunua, hakuwauza, hakuwaona. Lakini kutojua kwake hakukumkinga. Balaa ilisafiri miaka mitatu minne kabla ya kumfikia, na muda wote ule hakuna aliyemwambia, naye hakuwa na wa kumuuliza.

Na kama maradhi yalivyotoka mbali, kadhalika na dawa. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, Muguga, karibu na Nairobi, mganga wa wanyama Walter Plowright na wenziwe walitengeneza chanjo iliyomkinga ng'ombe na sotoka maisha yake yote. Baadaye ikatengenezwa nyengine iliyostahimili joto, ikaweza kuchukuliwa hata kwa wafugaji wa nchi kavu zisizo na barafu wala umeme. Nchi zikashikana mkono. Aliyemaliza kwake akamsaidia aliyebaki. Mnyama wa mwisho aliyejulikana kuwa na sotoka alionekana Kenya katika mwaka 2001, na mwezi wa Juni 2011 ikatangazwa kuwa maradhi yale yametoweka katika ulimwengu wote.

Na mwenye akili aizingatie sharti ya ushindi huo. Lau lingebaki zizi moja lenye maradhi, mazizi yote yangebaki khatarini. Kwa hiyo ng'ombe anayekunywa maji leo pembeni mwa ziwa la Kindai au Singidani amelindwa na kazi iliyofanywa na watu wa Somalia, wa Sudan, wa Pakistan na wa nchi nyengine nyingi, ambao mwenyewe ng'ombe huyo hatawajua kamwe. Huyo ndiye Ngoswe aliyesemwa aachiwe ya kwake.

FASLU YA PILI
Katika mwenendo wa Mtume na masahaba

Akidhani mtu kuwa kufuatia khabari za ulimwengu ni kazi ya wapenda dunia, na kuwa mcha Mungu yatosha sala yake na saumu yake, na aisome Suratur Rum. Sura hii iliteremka Makka, Waislamu wakiwa wachache na wanyonge. Wakati huo Waajemi na Warumi walikuwa katika vita vikubwa, na katika mwaka 614 Waajemi waliitwaa Baitul Maqdis. Vita vile vilikuwa mwendo wa siku nyingi kutoka Makka, wala si Mkureshi aliyekuwa akipigana. Pamoja na hayo, Mwenyezi Mungu ameianza sura kwa khabari hiyo, akabainisha kuwa Warumi wameshindwa, na kuwa baada ya miaka michache watashinda, na kuwa siku hiyo waumini watafurahi. Washirikina wa Makka waliwapendelea Waajemi. Waislamu waliwapendelea Warumi kwa kuwa ni watu wa Kitabu. Wapokezi wamesimulia kuwa Abubakar Siddiq aliwekeana sharti juu ya jambo hilo na mmoja wa wakubwa wa Makureshi, kabla ya kuharimishwa kamari. Na katika mwaka 627 mfalme Hirakli akawavunja Waajemi.

Basi Muislamu wa Ilongero au Kiomboi akisimama usiku kusali, akaisoma sura hii, anasoma ndani ya sala yake khabari ya vita vya nchi za mbali. Na lililowekwa na Mola ndani ya sala, mja hawezi kulitoa nje ya dini.

Tena, dhulma ilipozidi Makka, Mtume aliwaelekeza masahaba wavuke bahari waende Habasha, kwa kuwa alijua kuwa huko yuko mfalme ambaye mtu hadhulumiwi mbele yake. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 615. Lau Mtume angekuwa hajui hali ya nchi za ng'ambo, kule kukimbilia kungekuwa kupotea. Na Najashi alipokufa, Mtume alimsalia Madina akiwa mbali na maiti yake. Na Waislamu walipokabiliwa na makundi ya maadui, Salman, mtu wa Uajemi, ndiye aliyeshauri lichimbwe handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea. Mtume hakumwambia kuwa hayo ni ya Waajemi. Alishika chombo akachimba.

Na katika mifano aliyoipiga Mtume upo ule wa watu walioshirikiana jahazi, wengine wakapata pa juu na wengine pa chini. Wa chini wakawa hupanda juu kuteka maji. Wakaona kuwa wanawaudhi wenzao, wakaazimu kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Mtume akafahamisha kuwa wa juu wakiwaacha, wataghariki wote. Na wakiwazuia, wataokoka wote. Yule mwenye kutoboa hakuwa na nia mbaya, naye alitoboa kwake. Lakini katika jahazi hapana kwake wala kwa mwenziwe, kwani maji ni mamoja.

FASLU YA TATU
Katika alizeti na bei zake

Mkoa wa Singida ni katika mikoa inayojulikana sana kwa alizeti. Mbegu hukamuliwa mjini na katika miji midogo, mafuta huuzwa kwa chupa na madumu kando ya barabara kuu, na mashudu hulishwa mifugo. Fedha ya alizeti ndiyo ada ya mtoto, ndiyo bati la nyumba, ndiyo akiba ya mwenye kutaka kuhiji.

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliingiza majeshi yake Ukraine. Nchi mbili hizi zilikuwa zikitoa zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti yaliyouzwa baina ya nchi na nchi. Merikebu zikazuilika katika Bahari Nyeusi, na bei ya mafuta ya kula ulimwenguni ikapanda hata kilele chake mwezi wa Machi. Tarehe 28 Aprili Indonesia, iliyo kubwa kuliko zote kwa mafuta ya mawese, ikazuia kuyauza nje, na haikulegeza hata tarehe 23 Mei. Tanzania ilikuwa kwa miaka mingi ikinunua nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Basi vita vya huko na zuio la kule vikaonekana katika duka la kijijini, katika chupa ya lita moja. Mbolea nayo ikapanda, hata serikali ikaanza kutoa ruzuku ya mbolea mwezi wa Agosti 2022.

Khalafu mambo yakageuka. Bei za ulimwengu zikaanza kurudi chini, na kwa wastani wa mwaka 2023 zikawa karibu nusu ya kile kilele cha Machi 2022. Na gunia la alizeti katika mikoa ya kati likashuka bei, wakulima wakalalamika.

Na upigwe mfano wa wakulima wawili. Wa kwanza aliona bei ya mwaka ule wa kupanda, akadhani ndiyo bei ya milele. Akauza ng'ombe wawili, akakopa, akakodi mashamba, akapanda alizeti peke yake. Mavuno yalipofika hakupata hata fedha ya deni. Wa pili aliuliza: bei hii imepandishwa na nini? Akaambiwa ni vita na mazuio. Akafahamu kuwa kilichopandishwa na vita chaweza kushushwa na kufunguka njia. Akapanda alizeti, na akapanda mtama na dengu, wala hakukopa. Naye alipata khasara katika alizeti, kwani ujuzi si ghaibu, na ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini khasara yake ilikuwa ya mtu aliyeinama, haikuwa ya mtu aliyeanguka.

Hii ndiyo njia ya Nabii Yusuf, aliyeijua miaka ya njaa kabla haijafika, akaweka chakula katika masuke yake. Na njaa ile ikawafikisha Misri hata ndugu zake kutoka Kanaani. Na Mtume alikataza watu wasitoke kwenda kuwapokea wenye misafara njiani ili kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, kwani mwenye mali hapo bado hajaijua bei. Na akampa mwenye mali khiyari akifika sokoni akaona kuwa amepunjwa. Anayekwenda leo shambani kwa mkulima asiyejua bei, akamnunulia gunia kwa thamani ya nusu yake, anafanya lile lile lililokatazwa. Naye mkulima anayekaa bila kuuliza anamrahisishia mdhalimu kazi. Katika zama hizi simu imo mkononi, na khabari ya soko la Dar es Salaam au la Kibaigwa hupatikana kwa swali moja. Kuacha kuuliza si kutawakali. Ni uvivu uliovikwa kanzu ya kutawakali.

FASLU YA NNE
Katika maradhi na safari ya Hija

Katika mwaka 18 wa Hijra, sawa na 639, Umar bin Khattab alisafiri kuelekea Shamu. Alipofika Sargh, maamiri wa majeshi wakamlaki, wakamwambia kuwa tauni imezuka huko. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawashauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na mwisho akaazimu kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, akawakhubiria hadithi ya Mtume, kuwa ikisikiwa tauni katika nchi isiingiwe, na ikizuka mahali asitoke aliyeko akiikimbia. Umar akamshukuru Mungu kuwa shauri lake limewafikiana na Sunna. Na izingatiwe kuwa jambo lote lile lilisimama juu ya khabari: waliotoka kumlaki khalifa njiani waliokoa watu kwa kumwambia kilichoko mbele.

Mwishoni mwa mwaka 2019 yalizuka maradhi ya korona katika mji wa Wuhan, Uchina. Ni watu wangapi Singida waliopata kulisikia jina la Wuhan kabla ya hapo? Tarehe 27 Februari 2020 Saudia ikafunga mlango kwa wageni wa Umra. Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Na mwaka ule Hija ikahudhuriwa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Katika mwaka 2021 wakawa 60,000, wote wakaazi wa nchi ile. Hata mwaka 2022 ndipo mahujaji wa nchi nyengine wakarudi, na jumla yao ikawekewa kikomo cha milioni moja.

Na katika waliokuwa wakingoja miaka ile miwili, mna watu waliokufa kabla mlango haujafunguliwa. Mtu alikusanya fedha ya alizeti na ya kuku na ya asali kwa miaka kumi, akaandika wasia wake, akawataka radhi majirani. Na kilichomzuia kikawa maradhi ya mji asioujua. Mwenyezi Mungu humlipa mja kwa nia yake. Lakini baada ya hayo, nani awezaye kusema kuwa afya ya watu wa Uchina haimhusu Muislamu wa Singida? Imehusika na nguzo ya dini yake.

FASLU YA TANO
Katika kuthibitisha khabari

Na asidhani mtu kuwa muradi wa waraka huu ni kila khabari ibebwe kama ilivyo. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuwa fasiki akija na khabari ichunguzwe, wasije watu wakawadhuru wengine kwa ujinga, kisha wakajuta. Na Mtume ameonya kuwa yamtosha mtu uwongo kusimulia kila alichosikia.

Zamani uwongo wa pwani ulikuja bara kwa miguu, ukachoka njiani, na mwingine ukafa kabla ya kufika. Leo uwongo hufika kwa simu kabla ya muadhini kumaliza adhana. Chanjo za korona zilipoanza kutolewa Tanzania mwezi wa Julai 2021, uvumi ulikuwa umekwisha kutangulia, na wengi waliousambaza hawakujua nani aliyeuanza. Kadhalika huletwa picha ya vita vya zamani ikasemwa kuwa ni ya jana, na watu wakagombana barazani kwa jambo ambalo halikuwa.

Basi khabari ikifika, na aulize mpokeaji maswali manne. Nani aliyesema? Ameona au amesikia? Lini lilitokea? Na yuko mwengine asiyemjua huyu aliyesema vivyo hivyo? Wanachuoni wa hadithi walikataa mapokezi ya watu wengi waliosali na kufunga, kwa kuwa kumbukumbu zao zilikuwa dhaifu. Mizani ile ni ya Waislamu, na ni aibu kwao kuiacha rafuni zama ambazo ulimwengu unaihitaji zaidi. Asiyeweza kuthibitisha, na anyamaze. Kunyamaza kwake kuna thawabu.

FASLU YA SITA
Katika yatokayo Singida

Yaliyotangulia ni ya mbali yanayoingia. Yako na ya karibu yanayotoka. Vitunguu vya Singida hufika Dar es Salaam. Kuku wake huliwa katika miji mingi. Asali ya Itigi na Manyoni husifiwa na wasioijua Itigi iliko. Mwenye kutia maji ya sukari ndani ya asali humdanganya mnunuzi mmoja, kisha huwafungia mlango warina asali elfu waaminifu, kwani mnunuzi wa mbali hajui jina la mtu; analijua jina la Singida tu. Huyo ndiye mtoboa jahazi. Mtume alitia mkono wake katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamlaumu muuzaji kwa kuuficha, na akamtoa mwenye kughushi katika mwenendo wake.

Na mfanya lumbesa, anayeshindilia gunia na kulitia kichwa juu yake, kisha akalipa bei ya gunia moja, na aisome Suratul Mutaffifin, ambamo wametishwa wale wanaopokea kwa kipimo kamili na kutoa kwa kipimo pungufu. Sheria ya vipimo ya nchi imekwisha kuikataza lumbesa. Lakini sheria ya Mola ilitangulia.

Na kichaka cha Itigi si pori bure. Wajuzi wa mimea husema kuwa kichaka cha namna ile hakipatikani ulimwenguni illa katika nchi hizi za kati za Tanzania na kule kaskazini mwa Zambia. Anayekifyeka kwa mkaa anakata kilichowekwa amana kwa watu wa Singida kwa niaba ya walimwengu. Na wenye amana wataulizwa.

FASLU YA SABA
Katika kuwajibu wenye kupinga

Akisema msemaji: wazee waliishi bila kujua haya, nao wakaishi kwa raha, huambiwa kuwa wazee hawakuishi peke yao hata siku moja. Misafara ya kwenda Tabora ilikata Mgunda Mkali, katika ardhi ambayo leo ni ya Manyoni na Itigi. Nguo iliyopokelewa njiani iliitwa merekani, kwa kuwa ilifumwa Marekani, na merikebu za Salem ziliileta Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865 vilipoifanya iadimike, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikatwaa nafasi yake. Pembe za ndovu zilizopita hapo zikielekea pwani zilikwenda kuwa vitana na vibonyezo vya piano katika nyumba za watu wa mbali. Na haki isemwe: njia ile iliyopitisha biashara, na kwayo Uislamu ukasogea bara, ilipitisha pia watumwa waliofungwa minyororo, na waliowafunga walikuwamo wenye kujiita Waislamu. Njia haina dini. Dini ni ya apitaye.

Kadhalika dhahabu ya Sekenke, Iramba. Vita vilipoanza Ulaya katika mwaka 1914, Wadachi wa huku walikatiwa njia ya bahari wakakosa sarafu. Katika mwaka 1916 wakaichukua dhahabu ya Sekenke, wakaipigia Tabora sarafu ya rupia 15 yenye sura ya ndovu. Ugomvi wa wafalme wa Ulaya uliingia hata chini ya ardhi ya Iramba. Na juu ya ardhi uliwachukua wanaume upagazi, na wengi wao hawakurudi.

Akisema: kuyajua ya ulimwengu kutaleta tabia za kigeni, huambiwa kuwa kujua si kufuata. Tabia hizo zimekwisha kuingia kwa simu na kwa runinga, na asiyezijua hawezi kumuonya mwanawe. Lililo jema huchukuliwa, kama handaki la Salman. Lililo ovu huachwa, nalo huachwa kwa hoja, si kwa kufumba macho.

Akisema: wako watu wanaolia kwa ajili ya nchi za mbali, na jirani yao amelala na njaa, huambiwa kuwa hapo amesema kweli, na hilo ni kosa kubwa. Haki ya jirani imetangulia, na zaka ya watu wa mahali huanza na maskini wa mahali. Ya mbali hayakuja kumtoa jirani katika nafasi yake. Yamekuja kumpanua mtu ajue kuwa mlangoni pake wamesimama wengi zaidi ya awaonao. Mwenyezi Mungu amefahamisha katika Suratul Hujurat, aya ya 13, kuwa amewafanya watu mataifa na makabila ili wajuane, na kuwa mbora wao kwake ni mcha Mungu zaidi. Hakuna kujuana pasipo kuulizana khabari.

KHATIMA

Na watu wa Singida wafahamu kuwa njia za ulimwengu haziko mbali nao. Barabara ya kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi imepita kwao. Reli imepita Manyoni. Na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hata Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepitishwa katika ardhi ya mkoa wao. Anayekaa njia panda akafumba macho hukanyagwa. Anayefumbua huokota riziki na kuwaonyesha wapitaji njia.

Basi kila imamu na atenge muda mfupi, mara moja kwa juma, aeleze khabari moja iliyothibitishwa, na hukumu yake katika dini. Kila madrasa na iwe na ramani ya ulimwengu ukutani, mtoto aijue Habasha iko wapi na Shamu iko wapi anaposoma sira. Wakulima wa kijiji kimoja na waulize bei pamoja na wauze pamoja. Wafugaji wasifiche maradhi ya mifugo yao, kwani afichaye anatoboa. Na mwenye kusikia balaa ya watu wa mbali, na awaombee na awasaidie kwa kiasi awezacho, kama watu asiowajua walivyolisalimisha zizi lake na sotoka.

Ewe Mwenyezi Mungu, wape waja wako wa Singida elimu yenye manufaa, na riziki ya halali, na macho yaonayo mbali pasipo kumsahau aliye karibu. Waepushe na balaa ya ardhini na ya baharini, inayojulikana na isiyojulikana. Wafungulie njia ya Nyumba yako tukufu kila anayeikusudia, na walioizuiliwa wakafa na nia yao, waandikie malipo ya mahujaji. Amin.

Wabillahi tawfiq.